Ibn Khaldun: mwanachuoni aliyeisoma jamii

Wazazi wengi hushituka kijana wao anaporudi nyumbani na kusema amechagua kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, chuo kikuu. Huiona ni elimu ya kigeni isiyo na manufaa. Ndugu msomaji, tuutazame wasifu wa Ibn Khaldun.

Abdur-Rahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwezi mosi Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 27, 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, ambako koo nyingi za mwambao wetu pia hunasibishwa. Alihifadhi Qur'ani, akasoma Hadithi, Fiqhi na mantiki. Tauni iliyoingia Tunis mwaka 1348 iliwachukua wazazi wake wote wawili pamoja na walimu wake wengi, naye akiwa kijana wa miaka kama 17 tu.

Alizitumikia dola za Tunis, Fez na Granada. Aliuonja uwaziri, akaionja na jela, ambako alikaa karibu miaka miwili. Aliziona tawala zikiinuka na kuporomoka, na swali likamkaa moyoni: ni kwa nini?

Mwaka 1375 alijitenga na siasa, akakaa na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, iliyoko Algeria ya leo. Huko, mwaka 1377, aliikamilisha Muqaddima kwa muda wa miezi mitano. Humo alieleza kuwa habari haipokelewi kwa sababu tu imesimuliwa. Hupimwa kwanza kwa hali halisi ya maisha ya watu. Alieleza kuwa dola husimamishwa na asabiya, yaani mshikamano wa kundi, na kwamba anasa huula mshikamano huo, hata dola nyingi zisivuke vizazi vitatu. Alibainisha kuwa kodi nzito huwavunja watu moyo wa kufanya kazi, na mwishowe hazina hupungua. Akaonya pia kuwa ukali wa kupindukia kwa wanafunzi huwafundisha uongo na hila.

Aliita maarifa hayo elimu ya umrani, akatamka wazi kuwa ni fani mpya. Jina la sosholojia lilibuniwa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19, zaidi ya miaka 400 baadaye. Mwanafunzi wa fani hiyo hujifunza yale yale: kuichunguza familia, kazi, umaskini, elimu na utawala; kuhoji watu, kukusanya takwimu, na kutafuta sababu kabla ya kutoa hukumu. Anayeijua kazi hiyo huhitajika shuleni, hospitalini, katika mipango ya serikali na katika jumuiya za misaada.

Mwaka 1382 Ibn Khaldun alihamia Misri, akafundisha Al-Azhar, na mwaka 1384 akawa kadhi wa madhehebu ya Maliki. Mwaka huo huo jahazi lililoichukua familia yake kumfuata lilizama. Hata hivyo aliendelea kusomesha na kuhukumu mpaka alipofariki Cairo mwezi wa Ramadhani 808 Hijria, yaani mwaka 1406. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi mzazi, kijana wako akichagua elimu hii, usiharakishe kumkataza. Muulize anataka kuielewa jamii yake ili aifanyie nini. Akiwa na jibu, huyo anafuata njia iliyopitwa na mwanachuoni wetu.