Carl Linnaeus na Ua Lililomkaidi

Carl Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei mwaka wa 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Babaye, Nils, alikuwa kasisi na mpenzi mkubwa wa bustani. Jina la ukoo wao lilitokana na mmea, kwani Nils alilibuni kutokana na mti wa lindeni uliokuwa katika ardhi ya jamaa zake. Mwanawe naye akaja kuwa mtoaji majina mashuhuri kuliko wote katika elimu ya mimea.

Wazazi walitaraji kwamba Carl angerithi kazi ya ukasisi. Kinyume na matarajio hayo, alijiunga na Chuo Kikuu cha Lund mwaka wa 1727 na kile cha Uppsala mwaka uliofuata, akasomea utabibu. Mwaka wa 1732 alizuru Lapland, kaskazini ya mbali, kuchunguza mimea. Miaka mitatu baadaye, akiwa Uholanzi, alihitimu shahada ya udaktari na kuchapisha Systema Naturae, kitabu kilichoeneza sifa zake kote Ulaya.

Tatizo alilolikabili lilikuwa kongwe. Mimea midogo ya porini hufanana kama shilingi kwa ya pili. Isitoshe, majani na kimo chake hubadilika kulingana na udongo, kivuli na maji, hata mmea mmoja ukadhaniwa kuwa miwili, au miwili ikadhaniwa kuwa mmoja. Linnaeus alishikilia kuwa ua ndilo shahidi wa kutegemewa. Aliyagawa matabaka ya mimea kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, na kutazama urefu na mpangilio wake. Msingi wa mfumo huo ulikuwa imani kwamba kila spishi imedumu vile vile tangu kuumbwa kwake.

Mwaka wa 1742, Linnaeus akiwa tayari profesa huko Uppsala, mwanafunzi aitwaye Magnus Ziöberg aliuokota mmea wa ajabu katika kisiwa kimoja karibu na Stockholm. Shina na majani yake yalikuwa yale yale ya gugu la kawaida lijulikanalo leo kama Linaria vulgaris. Ua la gugu hilo ni la manjano, lina midomo miwili, pembe moja nyembamba kama mkia na stameni nne. La mmea huu lilikuwa na umbo la mrija, pembe tano na stameni tano. Linnaeus alidhani kwanza kuwa amechezewa shere na mtu aliyebandika maua ya kigeni juu ya shina.

Haukuwa mzaha. Kwa kulifuata ua, mmea huo ulistahili kuwekwa katika tabaka jingine kabisa. Kwa kufuata sehemu nyinginezo, ulikuwa gugu lile lile. Profesa angeweza kuutupa na kunyamaza, maana heshima yake yote ilisimama juu ya mfumo huo. Badala yake, aliueleza hadharani katika tasnifu ya mwaka wa 1744, akauita Peloria, neno litokanalo na Kigiriki lenye maana ya kioja. Alikisia kuwa ulizaliwa kwa mchanganyiko wa chavua ya mmea mwingine. Tangu hapo imani yake ya awali ilianza kulegea, na mwaka wa 1760 alitetea wazi hoja kwamba spishi mpya zaweza kutokea kwa njia ya kuchanganya mbegu.

Hata hivyo, kazi yake ya kutoa majina haikukoma. Katika Species Plantarum ya mwaka wa 1753 aliorodhesha spishi zipatazo 5,900, kila moja ikipewa jina la maneno mawili, la jenasi na la spishi, badala ya maelezo marefu ya Kilatini yaliyotumika awali. Alifariki Uppsala tarehe 10 Januari 1778.

Mwaka wa 1999 wanasayansi nchini Uingereza walibainisha kuwa jeni moja inayosimamia umbo la ua hunyamazishwa katika Peloria, ingawa maandishi ya jeni yenyewe hayajabadilika. Hapakuwa na mchanganyiko wowote: ulikuwa mmea ule ule. Dhana ya Linnaeus ilikosea, lakini kioja alichokataa kukificha ndicho kilichowaongoza waliomfuata kwenye jawabu.