Gene Roddenberry: alimupa mwanamke jina la uhuru, akamunyima usukani

Gene Roddenberry alizaliwa tarehe 19/8/1921 huko Texas, Marekani. Wakati wa Vita ya Pili ya dunia aliendesha ndege ya kutupa mabomu. Kisha akawa polisi mjini Los Angeles, mbele ya kuanza kuandikia televisheni.

Ndiye aliyebuni Star Trek, filamu ya mfululizo juu ya watu wanaosafiri kati ya nyota, miaka kama 300 mbele ya wakati ule. Katika sehemu ya majaribio aliweka mwanamke, tena mwenye kuvaa suruali, kuwa wa pili kwa ukubwa ndani ya chombo. Televisheni ya NBC ilikataa kazi ile. Ilipotengenezwa upya, mama yule hakuwemo tena.

Star Trek ilianza kuonyeshwa mwaka 1966. Kati ya maofisa wa chombo kulikuwa mwanamke mweusi, Uhura. Jina lake limetoka kwa neno letu la Kiswahili, uhuru. Heshima kubwa, kweli. Lakini sasa wanawake walivalishwa sketi fupi sana, na kapteni alikuwa na wapenzi huku na kule. Mwanamke je? Sehemu ya mwisho ya mwaka 1969, kwa hadithi ya Roddenberry mwenyewe, inaonyesha mwanamke anayetamani ukapteni kama kichaa.

Roddenberry alikufa tarehe 24/10/1991. Ni Star Trek: Voyager, mwaka 1995, ndiyo ilikalisha mwanamke, Janeway, kwenye kiti cha kapteni toka mwanzo mpaka mwisho: miaka 29 nyuma ya Uhura.