John Gould, Mtoto wa Mtunza Bustani Aliyewapa Ndege Majina

John Gould alizaliwa mwaka 1804 huko Lyme Regis, Uingereza. Baba yake alikuwa mtunza bustani, baadaye akaajiriwa katika bustani za kifalme za Windsor, na kijana naye akaanzia kwenye jembe na maua. Shule alipata kidogo tu. Alichokijua vizuri ni kumchuna ndege aliyekufa, kuikausha ngozi na kuijaza hadi aonekane kama alivyokuwa tawini. Ufundi huo ulimfikisha London, na mwaka 1827 akakabidhiwa kutunza makumbusho ya Chama cha Zuolojia.

Januari 1837 Charles Darwin, aliyekuwa ametoka kuizunguka dunia kwa meli ya Beagle, alikipa chama hicho ndege 450. Baadhi walitoka visiwa vya Galapagos, katika bahari ya Pasifiki. Darwin aliwadhania kuwa wa koo mbalimbali, kwa maana midomo yao haikufanana hata kidogo: mmoja mnene wa kuvunjia mbegu, mwingine mwembamba kama sindano. Gould aliwapanga mezani, akawapima na kuwalinganisha. Haikupita wiki akatangaza kwamba wote ni chiriku, kundi moja jipya lenye spishi zaidi ya 10. Muda mfupi baadaye akasema kuwa ndege wengine wa visiwa hivyo, wale wanaoiga sauti za wenzao, ni spishi 3 kamili. Hapo Darwin akajuta. Ndege waigaji alikuwa amewaandikia visiwa walikotoka, lakini chiriku wengi hakuwaandikia, ikabidi awaombe wenzake wa melini ndege wao wenye vibandiko.

Ndege ambaye jina jipya limetolewa kwake huwa kielelezo cha jina hilo. Huhifadhiwa kwenye droo, na kibandiko chake mguuni. Wataalamu wakibishana baada ya miaka 100, humrudia yeye. Kwa hiyo kibandiko kilichosahauliwa si jambo dogo.

Michoro 50 ya kitabu cha ndege wa Darwin ilipita mikononi mwa Elizabeth, mke wa Gould, na kwa maoni yangu mama huyu hatajwi inavyostahili. Mwaka 1838 aliwaacha watoto wake wadogo kwa bibi yao, akamfuata mumewe Australia kuchora ndege wa huko. Walirudi 1840. Mwaka uliofuata alifariki baada ya kujifungua mtoto wa 8.

Gould aliendelea na vitabu vyake hadi kifo chake mwaka 1881. La ajabu ni kwamba Darwin aliijenga nadharia ya mabadiliko ya viumbe kwa kusaidiwa na hukumu ile ya mezani, ila Gould mwenyewe hakuwahi kujitangaza mfuasi wake.

Mmoja wa wale waigaji, wa kisiwa cha Floreana, alitoweka kisiwani humo miongo michache baada ya ziara ya Darwin. Wachache walibaki kwenye visiwa 2 vidogo vya jirani. Wanasayansi wa siku zetu walipotaka kuwarudisha, waliwafungulia droo ndege waliokusanywa mwaka 1835 na Darwin na nahodha wake, FitzRoy, wakachukua sampuli ndogo ya vinasaba, wakawalinganisha na wale walio hai.