JOGINDER SINGH: FUNDI GEREJI ALIYEZITOA JASHO TIMU ZA VIWANDA KWA VOLVO YA MTUMBA

Haya wadau, leo tuweke mpira pembeni kidogo tuongee magari. Najua hapa Jang'ombe ukitaja gari kali vijana wote watakutajia Subaru na Evo, na mmoja lazima ataleta ubishi wa ipi inaondoka haraka zaidi. Poa. Lakini hiyo Evo mnayoipenda ni Mitsubishi Lancer, na Lancer ilipata ushindi wake wa kwanza kwenye mashindano ya dunia ya rali hapa hapa Afrika Mashariki, mwaka 1974, ikiendeshwa na mtoto wa Kericho. Jina lake Joginder Singh. Kwa wale ambao hawajawahi kumsikia, tulieni.

Jamaa alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 Kericho, kule kwenye mashamba ya chai Kenya. Wazee wake walitoka Punjab, India, ni Makalasinga. Enzi hizo Kalasinga na ufundi ni kama samaki na maji: reli, seremala, uhunzi, na baadae magari. Baba yake alikuwa na gereji, na Joginder alipomaliza skuli akaingia humo humo kushika spana. Hakupelekwa Ulaya kusomea uhandisi. Alianza kwa kufungua nati na kupaka grisi, kama vijana tunaowaona kila siku kwenye gereji zetu za mtaani.

Mwaka 1959 akapata kazi kwenye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwa wa kwanza kuajiriwa kuzunguka barabarani kusaidia watu walioharibikiwa na gari. Hebu ifikirieni kazi hiyo. Kila siku unakutana na gari ya mtu imekufa njiani, radieta imepasuka, springi imekatika, maji yameingia kwenye mfumo wa moto, na huna gereji wala umeme, una boksi lako la spana tu. Mimi naona hapa ndipo bingwa alipotengenezwa. Watu wanasema alikuwa na mguu mzito kwenye mafuta, sawa, lakini madereva wenye mguu mzito walikuwa wengi na wengi wao walibaki mtaroni. Huyu alikuwa anajua gari inakufa vipi.

Sasa tuelewane kuhusu Safari yenyewe. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka. Kilomita karibu 5,000, siku nne hivi, usiku na mchana. Haikuwa kama rali za Ulaya ambazo wanafunga kipande cha barabara mnakimbia peke yenu. Barabara ilikuwa wazi, mnakutana na malori, ng'ombe, mabasi na watu waendao sokoni. Unapewa muda wa kufika kituo fulani, ukichelewa unahesabiwa pointi za adhabu, na mwisho mwenye pointi chache ndio mshindi. Na Pasaka bwana ndio masika yenyewe! Vumbi linageuka tope, na tope jeusi la kule bara si mchezo, linashika tairi mpaka haizunguki. Mwaka 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7. Saba tu!

Viwanda vya Ulaya vikaiona Safari ndio pahali pa kuonyesha kuwa gari zao ni ngumu, vikaanza kuleta madereva wao wakubwa na mafundi wa kutosha. Lakini mpaka kufika 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort, hakuna dereva yeyote kutoka nje aliyeshinda. Kila mwaka walishinda madereva wanaoishi huku. Ila "wa huku" maana yake walikuwa ni Wazungu wa huku.

Ndio tunafika Pasaka ya 1965. Kenya ina mwaka mmoja na miezi tu tangu ipate uhuru. Joginder, miaka 33, anaingia na mdogo wake Jaswant kama msaidizi wake. Gari yao ni Volvo PV544, na si mpya. Ni gari ambayo kiwanda cha Volvo kiliileta kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, na baada ya hapo ikabaki huku. Joginder akaichukua, akaifumua na kuisuka upya. Yaani mtumba kabisa, kama gari zote tunazopanda hapa Unguja, mzungu wa kwanza kashaichosha ndio inakuja kwetu.

Kwa nje PV544 haina sura ya gari ya mashindano hata kidogo. Ina mgongo wa duara kama kobe, umbo lenyewe limechorwa miaka ya 1940, na kufikia 1965 kiwanda kilikuwa kinajiandaa kuiacha. Kweli, Oktoba mwaka huo huo waliacha kuitengeneza. Lakini ukifungua boneti unakuta mambo mengine. Injini ya B18, lita 1.8, silinda nne, na krenkishafti yake imeshikwa na beringi kuu tano. Gari nyingi za silinda nne za wakati ule zilikuwa na tatu. Tofauti yake nini? Krenki iliyoshikwa pahali patano haipindipindi ukiizungusha sana, kwa hiyo unaweza kuikamua masaa na masaa bila kuvunjika. Toleo la kimichezo lilikuwa na kabureta mbili. Bodi lake limeshikana kipande kimoja, chuma kizito, halina chesisi ya pembeni ya kulegea. Nyuma ina ekseli ngumu ya kizamani juu ya koili springi, kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukitengeneza chini ya mwembe. Na ngoja niwape na hili: PV544 ndio gari ya mwanzo kabisa kukabidhiwa kwa mteja ikiwa na mkanda wa usalama wa pointi tatu, Sweden, Agosti 1959. Mkanda ule ule mnaoukwepa mkipanda gari za mjini.

Kwenye bahati nasibu ya namba akapata namba 1. Hii ni bahati na nusu, kwa sababu anayeondoka wa kwanza halii vumbi la mtu. Lakini pia huna wa kumfuata, tope lote wewe ndio unalipima, na nyuma yako wanakuja watu na gari za kiwanda. Kalasinga akaondoka namba moja na akarudi namba moja, tena kwa mwanya mkubwa. Akawa dereva wa kwanza asiyekuwa Mzungu kushinda Safari. Mtaani wakamwita Simba, na jina lilimfaa kwa sababu Singh kwao maana yake ni simba. Waingereza nao wakamwita Kalasinga Anayepaa.

Ushindi ule ulikuwa na uzito wake. Miaka michache baadae, hasa 1968, Wahindi wengi sana waliondoka Kenya kwenda Uingereza, na 1972 Amin akawafukuza wa Uganda. Suali la nani ni mwenyeji na nani mgeni lilikuwa moto, na sisi Zanzibar hatuhitaji kuelezwa sana habari za watu kuhama. Joginder yeye alibaki anakimbia Safari, na pembeni ya barabara watu wa kila rangi wakimpigia kelele za mtu wao.

Baada ya hapo miaka ikapita bila kombe. Mwaka 1970 alikuwa wa pili na Datsun. Watu wakaanza kusema umri umekwenda. Ndipo ikaja 1974.

Lancer 1600 GSR ilikuwa gari mpya, ndio kwanza imetoka 1973, na nje ya Japani watu wengi walikuwa hawaijui. Injini lita 1.6, kabureta mbili, nyepesi, nyuma springi za bapa kama za pikapu. Mbele yake kuna nani? Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911 Carrera RS, lita 2.7, na Sandro Munari wa Italia na Lancia. Kwenye karatasi ule ni uonevu. Lakini mwaka ule mvua ilishuka kisawasawa, na kwenye tope nguvu za farasi hazikusaidii kitu ikiwa gari nzito inazama. Lancer nyepesi ikapita. Joginder na msaidizi wake David Doig wa kwanza, Porsche ya pili, Lancia ya tatu. Mitsubishi wakajulikana dunia nzima.

1976 wakarudi tena, na safari hii Lancia walileta Stratos. Kwa wasioijua Stratos, hii ni gari iliyobuniwa kwa ajili ya rali tu tangu mwanzo, injini ya Ferrari V6 iko katikati nyuma ya dereva, zimetengenezwa chini ya 500 na leo matajiri wanapigania moja kwa pesa za kujengea ghorofa. Imeshinda karibu kila pahali Ulaya. Safari haijawahi kushinda, milele. Mwaka ule Stratos za kiwanda zikakatika njiani, na Lancer zikachukua ya kwanza, ya pili na ya tatu, Joginder akiwa mbele na miaka yake 44. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Mtasema Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda alishinda mara tano, 1973 na kisha mfululizo 1979 mpaka 1982. Kweli, sibishi. Lakini namba yangu mimi ni nyingine: Joginder alianza Safari 22 na akamaliza 19. Kwenye mashindano ambayo mwaka mwingine gari 77 kati ya 84 zinabaki porini, mtu anafika nyumbani mara 19! Hiyo si bahati, hiyo ni spana.

Alistaafu mwaka 1980. Alifariki London Oktoba 2013 akiwa na miaka 81. Safari yenyewe ilitolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002 na ikarudi 2021, sasa inapigwa Naivasha, fupi sana kuliko ile yake.

Haya, wa Mehta na wa Joginder uwanja ni wenu hapo chini, ila matusi hapana.