Hans Meyer na Mlima Kilimanjaro

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, nchi ya Ujerumani. Mwaka huo huo, Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akaliona lile Ziwa ambalo kila mtoto wa Mabatini hulitazama asubuhi na jioni. Siku zile Wazungu walikuwa na maswali mengi juu ya maziwa na milima ya Afrika, na mara nyingi wenyeji walikuwa na majibu yake tangu kale.

Babu yake Hans ndiye aliyeanzisha kazi ya kupiga chapa vitabu, na baba yake akaiendesha, hata mwaka 1874 ikahamishwa mjini Leipzig. Hans naye akaingia katika kazi hiyo, akapata mali ya kutosha. Lakini moyo wake ulikuwa katika safari, na katika safari zote aliutamani mlima mmoja, Kilimanjaro.

Mlima huo ulikuwa na sifa ya ajabu huko Ulaya. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona kwa mbali ukiwa na theluji kileleni. Alipoandika habari hiyo, wataalamu fulani waliokaa London walimcheka, wakasema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Wachagga wasingalicheka, maana baridi ya mlima wao waliijua. Baadaye Mjerumani von der Decken alipanda mwaka 1862, na mmisionari Charles New akaigusa theluji mwaka 1871, lakini hapana aliyefika juu kabisa.

Ni vema kufahamu kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mtoto wa Mabatini hukwea mawe ya kilima mbiombio, wala hajui ya kuwa Ziwa lenyewe liko juu ya bahari kwa futi zipatazo 3,700. Kilele cha Kilimanjaro kina futi 19,340, yaani meta 5,895. Huko juu hewa ni nyepesi sana, hata mtu akivuta pumzi hupata kama nusu tu ya hewa aivutayo mtu wa pwani. Kichwa humwuma, chakula humchukiza, hatua kumi humchosha kama mtu aliyebeba gunia. Tena kuna theluji. Sisimizi ya baridi iletwayo na mvua ya mawe twaijua, lakini mawe hayo huyeyuka upesi. Theluji ya Kibo hulundikana miaka mingi, ikashindiliana kuwa barafu ngumu kama jiwe, yenye kuteleza kama kioo.

Safari ya kwanza ya Meyer ilikuwa mwaka 1887. Alifika Marangu kwa Mangi Mareale, akapanda kupita msituni, kisha nyikani, kisha katika mawe matupu. Wapagazi wake walikuwa watu wa pwani, na baridi iliwashinda. Mzungu mwenzake naye akachoka, akabaki nyuma. Meyer akaendelea hata akafika penye ukuta wa barafu. Hakuwa na vyombo vya kuukata wala mtu wa kumsaidia, akarudi.

Mwaka uliofuata alikuja tena, pamoja na Oscar Baumann, yule aliyefika ufukoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1892. Safari hii hawakufika hata miguuni pa mlima. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani, walikuwa wameinuka kupigana na kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuitawala nchi yao. Wapagazi wa Meyer wakatawanyika, na yeye na Baumann wakakamatwa wakatiwa minyororo. Wala si ajabu, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa bandari yake hana nafasi ya kumwuliza kila mgeni kama amekuja kwa ajili ya elimu au kwa ajili ya kampuni. Wakakombolewa kwa fedha nyingi, nayo mizigo yao karibu yote ikapotea.

Wengi wangaliacha hapo. Meyer alirudi kwao, akakaa akifikiri ni kitu gani hasa kilichomshinda mlimani. Akaona kwamba miguu yake haikumwangusha, wala ushujaa haukupungua. Kilichopungua ni chakula kule juu na rafiki ajuaye barafu. Mtu aliyetoka Marangu na chakula cha siku chache hana budi kushuka mara kiishapo, na akishuka amepoteza kazi yote ya kupanda.

Basi mwaka 1889 akajipanga upya. Alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa Austria ambaye alikuwa amepanda milima mingi ya barafu huko kwao. Walipofika Marangu, Mareale akawapokea vizuri. Waliopanda pamoja nao walikuwa wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi na kiongozi. Wakaweka kambi kubwa Marangu, ya pili juu ya msitu, na ya tatu katika uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, futi zipatazo 14,000. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula kutoka kambi hadi kambi, wakashuka, wakapanda tena. Kazi hiyo haikuonekana kuwa kubwa, lakini ndiyo iliyoushinda mlima.

Katika kambi ya juu alibaki mtu mmoja tu pamoja na Wazungu wale wawili. Jina lake ni Mwini Amani, mtu wa Pangani, pwani ile ile ambayo Meyer alifungwa minyororo mwaka uliotangulia. Alizaliwa penye joto na minazi, naye sasa alikaa mahali ambapo maji huganda usiku ndani ya chombo. Wenzake walipopanda barafuni alibaki peke yake akilinda hema, akingoja kuwaona wakirudi. Kama wasingalirudi, yeye peke yake ndiye angalijua.

Tarehe 3 Oktoba wakaondoka kungali usiku. Walipofika kwenye barafu, Purtscheller akatangulia na shoka lake akikata vidato, kama mkwezi akatavyo vidato katika mnazi, ila kila kidato kilitaka mapigo mengi kwa sababu ya ugumu wa barafu. Walivaa miwani ya rangi, maana mwanga wa jua juu ya theluji huyaunguza macho. Mchana walifika ukingoni mwa Kibo, wakaona jambo ambalo hakuna aliyepata kulithibitisha. Kilele si bapa, bali kina shimo kubwa la volkano katikati, na ncha iliyo juu kuliko zote iko ng'ambo, upande wa kusini. Ilikuwa imebaki mwendo wa kama saa moja na nusu. Lakini nguvu zilikuwa zimekwisha, na usiku juu ya barafu ni mauti. Wakageuka wakashuka.

Hapo ndipo mpango wa Meyer ulipoonyesha faida yake. Mwaka 1887 kugeuka kulikuwa mwisho wa safari, na safari hii kulikuwa mapumziko tu. Walirudi kambini kwa Mwini Amani, wakala, wakapumzika, na baada ya siku mbili wakapanda wakalala katika pango lililo karibu zaidi na barafu. Tarehe 6 Oktoba 1889 waliondoka kabla ya alfajiri. Vidato walivyovikata vilikuwa vingalipo, wakaenda upesi. Kabla ya adhuhuri wakasimama kileleni. Siku hiyo Purtscheller alikuwa ametimiza miaka 40. Meyer akasimika bendera ndogo, akakiita kilele kwa jina la Kaisari wake, ingawa hapana Mchagga aliyeulizwa.

Hawakuharakisha kurudi nyumbani. Walijaribu Mawenzi, wakashindwa na majabali yake, kisha tarehe 18 Oktoba wakapanda Kibo tena ili kulichungua shimo lake. Kwa jumla walikaa siku 16 juu ya futi 15,000, jambo lisilowezekana kama wapagazi wangaliacha kupandisha vyakula.

Majina mawili yaliandikwa katika vitabu vya dunia nzima, Meyer na Purtscheller. Jina la Mwini Amani limo katika kitabu cha Meyer mwenyewe, lakini wachache wamelitafuta. Wachagga nao husimulia habari za Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kwamba aliongoza msafara ule, na mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, alipewa heshima kwa ajili hiyo, naye akingali hai.

Purtscheller alifariki mwaka 1900, baada ya kuumia katika milima ya Ulaya. Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, akaona kwamba barafu imerudi nyuma pande zote, na pengo moja la ukingoni limepanuka sana kuliko alivyoliacha. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika ya kuwa barafu ya Kibo inapungua, na hata leo inaendelea kupungua. Mwaka 1903 alipanda milima ya Ecuador, mwaka 1911 akasafiri Rwanda na Burundi, na mwaka 1915 akawa profesa Leipzig. Alifariki huko tarehe 5 Julai 1929.

Jina alilokipa kilele halitumiki tena. Usiku wa kuingia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge huko juu, na kilele hicho sasa huitwa Uhuru.