Béla Guttmann: Kocha aliyeogopa msimu wa tatu

Kuna makocha ambao hata kabla hawajamaliza kufungua mabegi, tayari wanayafunga tena. Vijana wa siku hizi wanamjua José Mourinho, ambaye msimu wa tatu umekuwa mkosi kwake: Chelsea walimpiga kalamu 2015 na Manchester United 2018, kote akiwa katika msimu wa tatu. Lakini hiyo hadithi ya msimu wa tatu si yake. Mwenyewe ni Béla Guttmann, raia wa Hungary aliyefariki 1981 baada ya kufunza soka katika nchi zaidi ya kumi. Ukitaka kuelewa kwa nini kocha fulani hatulii, anza na huyu mzee.

Guttmann alizaliwa jijini Budapest 1899 katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa densi, na yeye mwenyewe alihitimu kufunza densi akiwa na miaka 16 tu. Baadaye miguu ikampeleka uwanjani. Akawa kiungo wa MTK na kushinda nao ligi 1920 na 1921. Wakati huo Wayahudi walikuwa wakionewa waziwazi nchini Hungary, basi akavuka hadi Vienna, Austria, kuchezea Hakoah, klabu ya Wayahudi iliyotwaa ubingwa wa nchi hiyo 1925. Huo ndio uhamisho wake wa kwanza wa maana, na haukuwa wa kufuata pesa.

Ukaidi nao alikuwa nao mapema. Kwenye Olimpiki za Paris 1924, Hungary walipeleka viongozi wengi kuliko wachezaji, na timu ikalazwa kwenye hoteli yenye kelele za usiku kucha. Inasimuliwa kwamba Guttmann aliokota panya waliokufa akawaning'iniza kwenye milango ya vyumba vya wakubwa hao. Uwanjani walizabwa 3-0 na Misri wakarudi nyumbani. Hakuvaa tena jezi ya taifa.

Mwaka wa 1926 Hakoah walizuru Marekani, naye akabaki New York kusakata soka na kutafuta hela. Akazipata. Halafu soko la hisa likaporomoka 1929, na hela zikaenda nalo. Nafikiri hapo ndipo alipojifunza kudai chake mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Ukocha aliuanza Hakoah 1933, akaenda Uholanzi, akarudi Vienna. Machi 1938 Wanazi waliingia Austria na Hakoah ikafungwa. Guttmann akarudi Hungary kuinoa Újpest, akashinda ligi na Kombe la Mitropa 1939, taji kubwa la klabu za Ulaya ya Kati wakati huo. Kocha wa sasa akipata msimu kama huo angeongezewa mshahara. Yeye alipoteza kazi, maana sheria za kuwabana Wayahudi zilikuwa zimeanza kuuma.

Miaka iliyofuata hakupenda kuisimulia. Wajerumani walipoivamia Hungary 1944, alijificha darini katika nyumba ya shemeji yake. Baadaye alijikuta kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa, akatoroka Desemba mwaka huo pamoja na kocha mwenzake, Ernő Egri Erbstein, yule aliyekuja kufa 1949 na kikosi kizima cha Torino katika ajali ya ndege. Baba yake na dada yake Guttmann waliuawa Auschwitz. Kwa hivyo ukimwona mtu huyu baadaye akibeba sanduku lake kwa sababu mkurugenzi amemkosea kidogo, kumbuka ametoka wapi. Mtu aliyenusurika hivyo hatishwi na barua ya kufutwa.

Baada ya vita alifanya kazi Romania, ambako chakula kilikuwa haba kiasi kwamba sehemu ya malipo yake ilikuwa mboga. Hilo alilivumilia. Kigogo wa klabu alipoanza kumchagulia wachezaji, aliondoka.

Kisa cha Kispest 1948 ndicho kinachomweleza vizuri zaidi. Wakati wa mapumziko alimkataza beki wake mmoja kurudi uwanjani kwa sababu ya mchezo wake mbaya, ingawa timu ingebaki na watu kumi. Ferenc Puskás, nyota wa timu, akamwambia beki aendelee kucheza, naye akamsikiza Puskás. Guttmann hakupiga kelele. Alipanda jukwaani, akasoma gazeti la mbio za farasi hadi kipenga cha mwisho, akapanda tramu kwenda nyumbani na hakurudi tena.

Halafu ikawa ni safari tu: Padova na Triestina huko Italia, Argentina, Cyprus, kisha AC Milan 1953. Milan ilikuwa na kina Schiaffino, Nordahl na Liedholm, na mapema 1955 ilikuwa inaongoza ligi. Wakubwa wakamtimua hivyo hivyo, akiwa kileleni! Tangu hapo alidai mkataba wake useme kwamba hawezi kufutwa timu ikiwa nambari moja.

Imani yake kuhusu msimu wa tatu ilikuwa rahisi. Mwaka wa kwanza unawafunza wachezaji njia zako, wa pili mnavuna. Wa tatu wameshakuzoea, maneno yako hayawashtui tena, na wapinzani wamekusoma. Afadhali uondoke wangali wanakutaka. Alipeleka São Paulo ubingwa wa jimbo 1957, akaipa Porto ligi ya Ureno 1959, kisha akahamia moja kwa moja kwa mahasimu wao, Benfica.

Benfica alishinda ligi 1960 na 1961. Kwenye kinyozi mmoja jijini Lisbon, kocha Mbrazil José Carlos Bauer alimpasha habari za kijana hatari aliyemwona Lourenço Marques, Maputo ya leo. Kijana huyo ni Eusébio. Benfica ilikuwa tayari na mwana wa Msumbiji mwingine, Mário Coluna, aliyefunga bao la tatu Barcelona walipochapwa 3-2 katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 1961. Mwaka uliofuata, Amsterdam, Real Madrid walikwenda mapumzikoni wakiongoza 3-2, mabao yote matatu yakiwa ya Puskás, yule yule wa Kispest. Coluna akasawazisha, Eusébio akaongeza mawili, ikaisha 5-3.

Sasa angalia: huo ulikuwa msimu wake wa tatu, na kwenye ligi Benfica walimaliza nambari tatu. Guttmann aliomba bonasi kwa kombe la pili la Ulaya, akaambiwa haimo mkatabani. Akaondoka. Inasemekana alilaani kwamba klabu haitashinda Ulaya kwa miaka 100. Kama kweli alisema hivyo ni jambo la kubishaniwa, ila Benfica wamepoteza fainali nane za Ulaya tangu hapo.

Wanaoeneza kisa hicho husahau kwamba alirudi Benfica 1965. Haikufaa kitu: ligi ilikwenda kwa Sporting, na Manchester United ya George Best ikawatandika 5-1 nyumbani. Uswisi, Ugiriki, Austria na Porto tena hazikumpa taji kubwa. Kuhama kulimpa heshima na pesa, lakini hakuna timu aliyoikuza kutoka utotoni hadi uzeeni.

Alizikwa Vienna. Mwaka wa 1990 fainali ya Ulaya ilichezwa jijini humo, na Eusébio alikwenda kaburini mwake kuomba laana iondolewe. Benfica walifungwa 1-0. Waliowafunga ni Milan.