Mtume Paulo: Kujisifu na Unyenyekevu

Katika sehemu hii utasoma maisha ya Mtume Paulo ukiangalia jambo moja: mtu aliyekuwa na mengi ya kujivunia alijifunzaje unyenyekevu, na alijiteteaje alipodharauliwa? Uwe na Biblia karibu, hasa Matendo 9 na 18, Wafilipi 3 na 2 Wakorintho 10 hadi 12.

1. Sifa alizokuwa nazo

Paulo, aliyeitwa pia Sauli, alizaliwa Tarso katika Kilikia, sehemu ambayo leo iko Uturuki. Alikuwa raia wa Rumi kwa kuzaliwa. Alikuwa Mwebrania wa kabila la Benyamini, Farisayo, na alisomeshwa Yerusalemu na mwalimu mashuhuri Gamalieli.

Zingatia kwamba sifa hizi zote zilikuwa za kweli. Kosa la Sauli halikuwa kudanganya, bali kuzitegemea kama haki yake mbele za Mungu. Majivuno hayo yalikuwa na matokeo. Stefano alipopigwa mawe, mashahidi waliweka nguo zao miguuni pa Sauli, naye aliridhia kifo hicho. Kisha akaingia nyumba kwa nyumba akiwakamata waumini, wanaume kwa wanawake.

2. Njia ya Damasko

Sauli aliondoka Yerusalemu akiwa na barua za kuhani mkuu, ili awalete waumini wa Damasko wamefungwa. Karibu na mji aliangazwa na nuru, akaanguka, akawa kipofu kwa siku 3. Aliyekwenda kuwafunga wenzake akaingia mjini akiongozwa kwa mkono. Aliyemwekea mikono hata akaona tena ni Anania, mmoja wa watu wale wale aliokusudia kuwakamata.

Baadaye maadui walilinda malango ya Damasko ili wamkamate. Waumini wakamteremsha ukutani usiku ndani ya kapu. Jeshi la Rumi lilikuwa na desturi ya kumpa taji askari wa kwanza kupanda ukuta wa mji wa adui. Paulo yeye alishushwa ukutani akikimbia, na ndilo tukio analolitaja mwishoni mwa 2 Wakorintho 11 anapoorodhesha mambo ya kujisifia.

3. Mgogoro wa Korintho

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekea na Kenkrea. Warumi waliubomoa mwaka 146 K.K., na Julius Caesar akaufufua mwaka 44 K.K. Watu wengi huko walikuwa wakitafuta jina, na msemaji hodari alipata heshima na malipo.

Paulo alikaa Korintho mwaka 1 na miezi 6, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Alikataa kulipwa na Wakorintho, ingawa alipokea msaada kutoka Makedonia. Badala ya kumshukuru, baadhi yao walimdharau: kazi ya mikono ilionekana ya watu wa chini. Baada ya kuondoka, walikuja wahubiri wengine wenye barua za sifa na maneno ya kupendeza. Walisema kwamba barua za Paulo ni nzito lakini yeye mwenyewe ni dhaifu na hajui kusema.

Hapa Paulo alibanwa pande mbili. Akinyamaza, kanisa alilolizaa lingefuata mafundisho mengine. Akijisifu kama wapinzani wake, angekubali kipimo chao, na mahubiri yake juu ya Kristo aliyesulubiwa yangepoteza maana.

4. Alivyojitetea

Paulo alikubali kujisifu, huku akisema wazi kwamba anafanya jambo la kipumbavu. Lakini hakuhesabu watu aliowabatiza wala makanisa aliyoyaanzisha. Alihesabu mateso: kuchapwa na Wayahudi mara 5, kila mara viboko 39, kupigwa kwa fimbo mara 3, kupigwa mawe mara 1, kuvunjikiwa na jahazi mara 3, pamoja na njaa, baridi na kukosa usingizi.

Alitaja pia maono ya mbinguni aliyopata miaka 14 kabla, lakini aliyaeleza kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mara akaendelea na mwiba katika mwili, aliopewa ili asijivune kupita kiasi. Aliomba mara 3 uondolewe. Haukuondolewa, ila alihakikishiwa kwamba neema inamtosha. Ndipo akajifunza kwamba udhaifu wake ni mahali pa nguvu za Kristo kuonekana.

Tahadhari: Biblia haisemi mwiba huo ulikuwa nini. Usiandike kama jambo la hakika kwamba ulikuwa ugonjwa wa macho au kifafa.

5. Mafunzo ya kukumbuka

(a) Unyenyekevu si kukana vipawa. Paulo hakukana elimu wala uraia wake. Alidai haki yake ya uraia alipotaka kuchapwa Yerusalemu. Aliacha tu kuvifanya msingi wa wokovu.
(b) Unyenyekevu si kunyamaza wakati wote. Alijitetea kwa ajili ya kanisa.
(c) Kujisifu kunakokubalika ni kujisifu katika Bwana, yaani kumpa Mungu sifa ya kazi aliyoifanya.
(d) Majivuno huwaumiza wengine. Taja Stefano, au makundi ya Korintho yaliyojigamba kwa majina ya Paulo, Apolo na Kefa.

Watahiniwa wengi huandika kwamba Paulo alikataza kujisifu kwa kila namna, na hapo hupoteza alama. Taja kwanza anachojisifia mtu, ndipo utoe hukumu. Nawe utakapopokea matokeo yako, yawe mazuri au mabaya, pima hoja (a) ndani yako: cheti ni kipawa cha kutumia, hakisemi wewe ni bora kuliko jirani yako.

Maswali ya kujipima

1. Taja sifa nne alizokuwa nazo Paulo kabla ya kuongoka.
2. Kwa nini Wakorintho walimdharau Paulo? Toa sababu tatu.
3. Eleza tofauti kati ya kujisifu kwa Paulo na kwa wapinzani wake.
4. Mwiba katika mwili unamfundisha nini Mkristo wa leo? Fafanua kwa hoja nne.